Jicho Moja la Mama

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, na maneno yake yalinikera kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Alimulika jicho la kushoto la mama yangu, akazima kitochi chake, akavuta kiti na kuketi karibu yetu. Alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba kumwondoa siku hizi si kazi ngumu.

"Tatizo ni kwamba nyuma ya huu utando sioni kitu," aliendelea, akinitazama mimi badala ya mwenye jicho. "Huenda jicho ni zima. Huenda pia lina ugonjwa mwingine humo ndani, na tukiligusa, hata huu mwanga kidogo alionao bibi ukapotea. Mkiliacha hivi litaendelea kufifia lenyewe, polepole. Mimi siwezi kuwaamulia."

Jicho la kulia lilikufa zamani, nikiwa darasa la tano. Mama alikuwa akipalilia, jani la muhindi likamkwaruza, akalitia maji ya majani na kuendelea na kazi. Tangu hapo alikuwa mtu wa jicho moja, na hilo moja lilitosha kulea watoto watatu, kuchagua mchele, na kuniona nikidanganya kutokea upande wa pili wa uwanja. Sasa alikuwa anakaribia miaka themanini na jicho hilo moja ndilo tulilokuwa tukilizungumzia.

"Umesikia, mama?" nilimuuliza.

"Nimesikia. Amua wewe, mwalimu."

Huniita mwalimu anapotaka nisimsumbue. Tukaambiwa daktari wa upasuaji angerudi baada ya mwezi mmoja. Tukitaka, tufike siku hiyo asubuhi. Tusipotaka, hakuna atakayetulaumu. Nilimshika mama mkono tukatoka nje kwenye jua, tukarudi nyumbani kwangu Kihonda.

Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Nimezoea swali lenye jibu, na jibu lenyewe liko nyuma ya kitabu, na kitabu kiko mezani kwangu. Nikastaafu nikiamini kwamba watu wanaohangaika na maamuzi ni wale ambao hawakusikiliza darasani. Mwezi ule ulinikomesha.

Niliwapigia simu wadogo zangu wawili. Mmoja yuko Mbeya, mwingine Dar es Salaam. Wote walisema maneno yaleyale, utafikiri wamekariri: "Dada, wewe ndiye mkubwa, utakaloamua sisi tuko nyuma yako." Ni maneno matamu, lakini simu ikishakatwa mzigo unabaki na wewe. Nilikasirika siku mbili nzima na kumalizia hasira kwenye kusugua masufuria.

Nikaamua kuswali istikhara. Ni swala ya rakaa mbili anayoiswali Mwislamu akiwa njia panda, akimwomba Mungu amchagulie lenye kheri. Tangu nikiwa mdogo nilisikia wanawake wa mtaani wakisema kwamba ukishaiswali unaoteshwa: ukiota maji au kijani, endelea, ukiota moto, acha. Niliswali siku tano mfululizo na kulala mapema. Siku ya kwanza sikuota kitu. Ya pili niliota mkaguzi wa shule ameingia darasani na mimi sina chaki. Ya tatu, chaki ipo lakini hakuna ubao. Siku ya tano niliota nakula ndizi za nazi, nikaamka na njaa.

Nikaenda kwa ustadhi anayefundisha watoto madrasa jirani na kwangu. Ni mdogo kwangu kwa umri, nilimfundisha kujumlisha sehemu, lakini kwenye dini yeye ndiye mwalimu. Nilimweleza habari ya chaki. Alijitahidi asicheke.

"Mwalimu, istikhara si runinga," alisema. "Hakuna aliyekuahidi picha. Umeshaomba, sasa shika njia. Kukiwa na kheri itafunguka, kusipokuwa na kheri itafungwa."

"Njia ipi, ustadhi? Ndiyo ninayoiuliza hiyo."

"Yoyote iliyo mbele yako. Wewe toka tu."

Nilirudi nyumbani nimeudhika. Nilitaka jibu, napewa matembezi. Lakini mama alikuwa ameketi barazani, na kabla sijavua viatu akasema, "Kwa kuwa tunangoja, kesho nipeleke sokoni."

Ndivyo tulivyoanza kutoka. Na mimi, kwa kuwa ndoto zilikuwa zimenikataa, nikaamua kutafuta ishara mchana kweupe.

Sokoni mama alikwenda moja kwa moja upande wa mboga za mlimani. Aliinua kabichi, akalisogeza mpaka likagusa kope, akaligeuza taratibu jani kwa jani. Kisha karoti. Kisha fungu la njegere, akalimenya ganda moja na kutazama punje zilivyojipanga. Muuzaji alikuwa mwanamke wa kijijini kwao mama, juu ya Bigwa, mmoja wa wale wanaoteremka alfajiri na matenga kichwani.

"Bibi, unasoma?" alimtania.

"Nasoma, mwanangu. Andiko zuri hili."

Yule mwanamke akaniuliza jicho lina nini, nami, kwa kuwa nilikuwa nimejaa mpaka pomoni, nikamwagia yote pale juu ya kabichi zake: daktari, utando, mwezi mmoja, wadogo zangu. Wakati huohuo nilikuwa nimejiwekea ndani ya moyo kwamba akinipa nyongeza bila kuombwa, basi jibu ni ndiyo. Akanipa nyongeza. Nyanya tatu, moja imeoza. Nilisimama na ile nyanya mkononi nikijaribu kuitafsiri mpaka mama akauliza kama nimepoteza kitu.

Wiki iliyofuata alitaka kwenda Dakawa kwa mdogo wake, ambaye mimi namwita mama mdogo na ambaye analima mpunga kwenye mashamba ya mifereji. Tulingoja basi Msamvu, na pale nikafanya upuuzi ambao nisingependa wanafunzi wangu waujue. Nilianza kusoma maandishi ya nyuma ya mabasi. Nilisema la kwanza kuingia ndilo litakalokuwa na neno langu. Likaingia lililoandikwa HARAKA YA NINI. Moyo ukanishuka. Nikasema hilo halihesabiwi, lilikuwa limeshaingia kabla sijamaliza kunuia. La pili lilikuwa limeandikwa WAKATI NDIO HUU. Nikasema basi la tatu liamue, na la tatu halikuwa na maandishi yoyote, lina matope tu. Mama alikuwa ameketi pembeni yangu akila karanga. Alikuwa ametulia kuliko mtu yeyote katika stendi nzima, nami nilijiuliza kama anaelewa kinachokuja.

Dakawa mpunga ulikuwa umefikia ile rangi ambayo si kijani tena na bado si njano. Mama aliomba tumpeleke kwenye tuta la mfereji. Alisimama pale jua la saa sita likimwangukia, uso ameuelekeza shambani, kwa muda mrefu kiasi kwamba mama mdogo aliniuliza kwa macho kama yuko sawa. Ndipo akamgeukia mdogo wake.

"Hebu vua mtandio nikuone nywele."

"Nywele za nini tena, dada?"

"Vua."

Mama mdogo akavua. Mama akamsogelea, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakiinamisha kwenye mwanga na kukichungulia kwa jicho lake moja kama anayemtafuta chawa. Nywele zilikuwa nyeupe tupu. "Umenipita," mama akasema, wakacheka wote wawili wakishikana mabega, na mimi nikadhani ni michezo ya wazee.

Niliteremka kwenye maji ya mfereji nikatawadha, nikaswali adhuhuri juu ya nyasi, nikaomba tena lile ombi langu. Hakuna kilichonijia. Lakini nilipotoa salamu na kubaki nimeketi, maji yakipita na sauti za wale wawili zikitoka upande wa nyumba, niligundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu tutoke kwa daktari sikuwa na haraka. Sikuelewa maana yake. Nilibaki pale mpaka nilipoitwa kula.

Zilipobaki siku sita mama alisema, "Sasa twende nyumbani."

Nyumbani, kwao, si Kihonda. Ni mlimani. Tulipanda pikipiki mpaka barabara ilipoishia, kisha tukashika njia ya miguu. Nilijiandaa kumwongoza. Baada ya hatua ishirini ndiye aliyekuwa akiniongoza, kwa kuwa miguu yake inaijua njia ile jiwe kwa jiwe, na mimi magoti yangu ni ya mjini. Mara mbili alisimama kuningoja, ameelekeza uso bondeni ambako ukungu ulikuwa unanyanyuka juu ya migomba. Nilipofika nikihema alikuwa hajamaliza kutazama, akanishika mkono kunionyesha nisimharakishe.

Mjomba tulimkuta shambani. Ni mdogo wake mama, katekista, na rozari yake alikuwa ameitundika kwenye tawi la mparachichi ili isiingie udongo. Mama alisilimu alipoolewa na baba yangu, mtu wa Tabora. Mjomba akabaki kanisani. Na katika maisha yangu yote sijawahi kusikia wakigombana kwa hilo.

"Shikamoo, dada," mjomba alimwamkia mama, akamletea kigoda.

"Marahaba, mdogo wangu."

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba." Hakuniletea kitu cha kukalia. Akashika tena jembe. "Nimesikia dada yangu anapasuliwa jicho."

"Bado hatujaamua, mjomba."

"Ndivyo nilivyosikia. Aliyeniambia anauza kabichi. Alinieleza vizuri, ana adabu."

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na msemaji wa mwanamke katika jambo zito ni ndugu yake wa kiume, hata kama ndugu huyo ni mdogo wake na anamwamkia shikamoo. Nilikuwa nimempigia simu mtu wa Mbeya na wa Dar es Salaam, nimemwendea ustadhi, nimeisoma nyanya iliyooza na matako ya mabasi, na mjomba mwenye neno lake nimemwacha asikie sokoni. Kosa kama hili halifanywi na mtu aliyekulia mlimani. Linafanywa na sisi tuliokulia bondeni, tunaodhani mama ni wa watoto wake peke yao.

Kwanza nilikasirika, nakiri. Nilitaka kumuuliza kama ni yeye anayemshika mama mkono kwenda chooni asubuhi. Maneno yalifika kabisa mdomoni. Kisha nikamwona mama ameinamisha kichwa, amefumbata mikono, kama mtoto anayesikia wakubwa wakibishana kwa ajili yake. Nikapiga magoti kwenye udongo.

"Mjomba, nimekosa."

Aliendelea na jembe. Alikuwa akikata ngazi, kama wanavyolima kule: unachonga mteremko, unafukia majani chini ya udongo, unapata hatua tambarare ya kupandia, unahamia nyingine. Alimaliza ngazi aliyokuwa nayo mpaka mwisho. Mama naye aliondoka kwenye kigoda, akaanza kung'oa magugu kwa kupapasa. Nami nikang'oa, kwa kuwa sikujua la kufanya. Ilichukua labda nusu saa.

Halafu mjomba akaweka jembe chini, akanawa, akaja kuketi mbele ya mama, chini kabisa kwenye nyasi.

"Dada," akasema, "wewe unataka nini?"

Nilishtuka nikiwa nimeshika magugu. Kwa wiki tatu na ushei nilikuwa nimemuuliza mama kama amesikia, kama ameelewa, kama amekula, kama anaumwa. Maswali ya mwalimu. Hilo moja sikuwahi kumuuliza.

Mama hakufikiri hata kidogo. Jibu lilikuwa tayari, limekaa kinywani siku zote likimngoja mtu wa kuliuliza.

"Nataka nione," alisema. "Wapasue. Likizimika, limezimika. Nimetaka mimi, si mtoto. Asije akalala na hilo."

"Basi," mjomba akasema. "Likizimika, nimekubali mimi. Mtoto hayumo."

Mtoto ndiye mimi, mwenye miaka sitini na mmoja na pensheni. Nilizika uso kwenye kanga yangu nikalia. Wakaniacha nilie. Nilielewa kwa nini mama alikuwa akisema "amua wewe" kwa utulivu ule: hakuwa ananitupia mzigo, alikuwa anangoja tufike kwa mwenye kuupokea. Asingeweza kuniambia mimi anachotaka, maana ningekwenda kukitimiza, na kama kingeharibika ningekibeba mpaka kaburini. Alihitaji kulisema mbele ya ndugu yake ili liwe lao wawili.

Mjomba akaingia ndani akatoka na kikombe cha maji. Alipiga funda, akayapuliza taratibu miguuni pa mama kama wazee wa ukoo wanavyofanya, kisha akafanya ishara ya msalaba. Mama akasema amin. Mimi nikainua viganja nikasoma Fatiha. Hakuna aliyeona ajabu. Tulikula magimbi na chai, tukateremka kabla ya mvua.

Sijawahi tena kungoja ndoto. Sisemi ndoto hazipo. Nasema kwamba mwezi ule nilimwomba Mungu anionyeshe, na akanionyesha kwa kunitoa nyumbani, siku moja sokoni, siku moja shambani, siku moja mlimani, mpaka nikafikishwa mbele ya swali nililokuwa nimelikimbia. Jibu lenyewe halikuwa na uhakika wowote. Jicho lilikuwa bado lilelile, na daktari alikuwa haoni nyuma ya utando kama mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba niliweza kulala.

Siku ya upasuaji mama alitia dole gumba kwenye fomu mwenyewe, akaingia chumbani ameshikwa mkono na nesi. Nilikaa kwenye benchi na tasbihi. Mjomba alikuwa ameteremka akaketi upande wa pili na rozari yake, tukahesabu kila mtu za kwake. Mama alitoka baada ya muda mfupi kuliko nilivyotarajia, bandeji imefunika jicho, anaulizia chai.

Bandeji ilifunguliwa kesho yake asubuhi. Nesi aliibandua kidogokidogo, akafuta kope kwa pamba, akamwambia asikimbilie. Mama alipepesa. Alitazama dirisha. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma. Nilisimama mbele yake.

"Unaona, mama?"

Alininyanyulia uso, akanitazama kwa muda. Ilikuwa miaka mingi tangu aone chochote zaidi ya kivuli changu.

"Kumbe na wewe umezeeka," akasema.

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Nesi alicheka. Mjomba aliyekuwa mlangoni akageukia ukutani. Nilimpangusa mama shavu ambalo halikuwa na kitu, ili mikono yangu ipate kazi, na kwa kuwa sijui kunyamaza nikamwambia kwamba sasa tutatembea vizuri, si kama zile safari za mwezi uliopita alizokuwa anazungushwa bila kuona.

"Nilikuwa naona," alisema. "Kidogo kilichokuwepo nilikuwa nakitumia. Nilikuwa naaga."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikamwelewa, nikaketi kitandani pembeni yake. Kila mahali alipoomba nimpeleke alikwenda kupatazama kwa mara ya mwisho, ikiwa ingekuwa ya mwisho, huku mimi pembeni nikitafuta ishara.

Kitu kikanichoma, na nikakisema hapohapo, kama mtoto kweli. "Mbona mimi hukuniaga? Tulikuwa nyumba moja mwezi mzima. Hukuniambia hata siku moja nisogee kwenye mwanga."

Mama alitafuta mkono wangu. Aliutafuta kwa kupapasa, kwa mazoea, ingawa sasa alikuwa anauona.

"Wewe wa nini?" akasema. "Wewe hata gizani ningekujua."